Malengelenge ya miguu ambayo hayakuwa ya mafuta: kisa cha mama wa chapati

Mgonjwa ni mama wa miaka 52, mpika chapati na vitumbua katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Aliletwa na bintiye na wifi yake siku ya tisa ya ugonjwa, miguu yote miwili imefungwa gozi kavu iliyokwishashikana na nyama. Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja tu: majeraha ya moto yaliyoingia wadudu, hayaitikii seftriaksoni. Mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Nimekichagua kwa sababu malengelenge ya aina hii hutibiwa kwa mazoea. Yakionekana yanafunikwa, mgonjwa anachomwa sindano za antibiotiki kama hiyo seftriaksoni, mkojo haupimwi. Kwa mama huyu mkojo ndio ulioamua dawa gani ameze, na aina ya kitambaa kilichogusa jeraha ndiyo iliyoamua kama usiku atalala au atakesha akilia.

Ilivyoanza

Wiki mbili kabla ya miguu alikuwa na mafua na koo. Akanunua amoksisilini duka la dawa, akameza kwa siku tatu, akapata nafuu akaacha. Baadaye magoti na vifundo vya miguu vikaanza kuuma, asubuhi hawezi kutoka kitandani bila kushika ukuta. Duka lile lile likampa diklofenaki ya maumivu. Siku ya pili ya vidonge akaona vidoa kuzunguka vifundo, akadhani ni viroboto. Vikapanda hadi chini ya magoti, vikawa vyeusi na kuinuka, na kufikia siku ya sita baadhi vilikuwa vimefura maji, vingine damu.

Mtu anayekaanga vitumbua kila siku akitoka malengelenge miguuni, nani atauliza swali la pili? Majirani walisema mafuta, zahanati ikaandika mafuta. Yeye hakukumbuka kurukiwa na mafuta, na alisema hivyo. Ila alipoulizwa kwa mara ya tatu alilegea akajibu, "Labda yaliniruka sikuhisi." Hapo historia ya ugonjwa ikawa imefungwa.

Wifi alikuwa na maelezo yake: mama huyu anagombea eneo la biashara na mwenzake, kwa hiyo amekanyaga kitu. Walikuwa wamemwosha kwa maji ya majani yaliyochemshwa, na malengelenge mawili yaliyopasuka yakabandikwa manyoya ya sungura na asali, kama wengi wanavyofanyia mtu aliyeungua. Nilipouliza nilijibiwa bila kificho, labda kwa kuwa sikucheka. Nilichohitaji kujua ni kama amechanjwa chale. Chale kwenye ngozi ambayo mishipa yake inavuja ni vidonda vipya. Hakuwa amechanjwa.

Zahanati alipakwa jivii, ile dawa ya maji ya zambarau, akafungwa gozi kavu na kuchomwa seftriaksoni kwa siku tano. Kila gozi ilipobadilishwa ilibanduliwa kwa nguvu na kuondoka na paa za malengelenge. Sehemu ya vidonda nilivyovikuta haikutokana na ugonjwa, ilitokana na gozi.

Tulichokiona

Kabla ya kupima chochote miguu ililowekwa katika maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa moto kidogo, mpaka gozi ikaachia yenyewe. Ilichukua karibu nusu saa. Muuguzi aliyeifanya kazi hiyo hakuvuta uzi hata mmoja, na nadhani ndiyo tiba ya kwanza ya kweli mama huyu aliyoipata.

Chini yake kulikuwa na malengelenge ya kila rika: madogo kama punje ya dengu, mengine yenye upana wa sentimita tatu hadi nne, yamekaza, juu ya kifundo na upande wa nyuma pale ukanda wa kandambili unaposugua. Mengine yamebaki duara jekundu bichi. Kitu kilichonivuta macho ni nafasi zilizo kati yake. Ngozi iliyobaki haikuwa nzima. Ilijaa vidoa vya zambarau iliyokolea, na kila lengelenge lilikuwa limekaa juu ya kidoa cha namna hiyo. Mguu wa kulia na wa kushoto ilifanana mno. Mafuta yakiruka hayapimi kulia na kushoto.

"Shikamoo mama," nilimwambia, kisha nikamwomba alale kifudifudi na muuguzi akavuta pazia. Matakoni palikuwa na vidoa vinane au tisa vya aina ile ile, vimeinuka kiasi kwamba ukipitisha kidole umefumba macho unavihesabu. Hakuna mafuta ya kikaango yanayopanda hadi huko na kupenya gauni na kanga mbili.

Kipimo kilichofuata hakina gharama: glasi ya kunywea maji, safi, inabonyezwa juu ya kidoa. Wekundu wa ngozi iliyowaka hupotea chini ya glasi kwa sababu damu bado imo ndani ya mishipa, nayo inasukumwa pembeni. Vidoa vyake havikupotea, maana damu ilikwisha kutoka nje ya mshipa.

Niseme jambo hapa kuhusu rangi. Picha nyingi za ugonjwa huu zilizomo kwenye vitabu ni za ngozi nyeupe, na vidoa vinang'aa vyekundu. Kwenye ngozi yetu vinakuwa zambarau nzito, kahawia au weusi kabisa, na kwa mtu mweusi sana unaweza kuvipita. Kidole husaidia kuliko jicho. Mwanga wa dirishani ukiingia kwa ubavu husaidia kuliko taa ya dari. Nyayo na upande wa ndani wa kifundo, ambako ngozi ni nyepesi, huonyesha rangi halisi. Anayesubiri kuona wekundu atasubiri hadi figo ziharibike.

Joto la mwili lilikuwa 37.4. Presha 148 kwa 92, naye hakuwahi kuambiwa ana presha. Mdomo, macho na sehemu za siri vilikuwa safi. Ngozi nzima iliyo kando ya lengelenge ukiisugua kwa kidole haikuchubuka. Mapigo ya mishipa ya juu ya unyayo na nyuma ya kifundo yalisikika vizuri miguu yote. Tumbo lilikuwa laini ila likimkata kila akila, na alikumbuka kwenda choo cheusi mara moja akadhani ni dawa.

Tuliyoyaondoa, na kwa nini

Lililonipa wasiwasi zaidi halikuwa moto. Mtu aliyemeza dawa hivi karibuni akatoka malengelenge, ni lazima ufikirie mzio mkali ule unaomenya ngozi, Stevens-Johnson. Hapa kwetu huonekana baada ya kotrimoksazoli, nevirapini, dawa za kifafa au alopurinoli. Ugonjwa ule hupenda mdomo na macho, ngozi yake huuma hata pasipo lengelenge, na ukiisugua inateleza na kuchubuka. Mama huyu hakuwa na hata moja kati ya hayo.

Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja. Yule mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua huacha mstari uliobabuka pale alipopondwa. Wadudu wa bakteria wanapoingia chini ya ngozi hadi kuitia malengelenge, mguu huwa mmoja, una moto na umevimba, na mgonjwa anatetemeka kwa homa. Homa kali yenye vidoa visivyopotea chini ya glasi kwa mtu anayezidiwa saa hadi saa ni jambo jingine kabisa, hiyo ni dharura ya homa ya uti wa mgongo, na hapo antibiotiki haisubiri kipimo. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua pia hutoa vidoa vya damu, lakini vinakuwa bapa, havishikiki kwa kidole. Zake zilikuwa 310,000, hazikupungua.

Kilichobaki ni mishipa midogo ya damu yenyewe kuvimba, yaani vaskulitisi. Kingamwili hujikusanya kwenye kuta za mishipa iliyo chini kidogo ya uso wa ngozi, chembe nyeupe zinaitikia wito na kumwaga vimeng'enyo vyake, ukuta unaoza na damu inavuja. Hicho ndicho kidoa. Uharibifu ukizidi, ngozi ya juu inakosa damu na kufa, maji yanajaa kati ya tabaka la juu na la chini, unapata lengelenge. Huanza miguuni kwa sababu shinikizo la damu kwenye mishipa midogo ya chini ni kubwa na mwendo wake ni wa polepole, hasa kwa mtu anayesimama. Huyu anasimama jikoni kuanzia saa kumi alfajiri.

Aina hii yenye viungo, tumbo na figo ilielezwa na Mjerumani Schönlein mwaka 1837, kisha mwanafunzi wake Henoch akaongeza habari za tumbo. Vitabu vya zamani bado vinaiita kwa majina yao. Mkutano wa wataalamu wa Chapel Hill, Marekani, wa 2012 ulishauri iitwe vaskulitisi ya IgA, kwa kingamwili inayokutwa ukutani mwa mshipa. Wengi tumefundishwa kuwa ni ugonjwa wa watoto, na ni kweli watoto ndio wengi. Lakini kwa watoto malengelenge ni nadra, na figo mara nyingi hujiponea. Kwa mtu mzima malengelenge si ajabu, na figo zake zina hatari kubwa zaidi.

Vipimo

Kijiti cha mkojo kilitoa damu alama mbili na protini alama moja. Kwenye darubini chembe nyekundu zilikuwa zimepindapinda, dalili kwamba zimepita kwenye chujio la figo na hazikutoka kibofuni. Kiasi cha protini kilikuwa gramu 0.9 kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Kreatinini ya damu ilikuwa mikromoli 98, ambayo kwa mwanamke wa umbo lake ni ya kuangaliwa. Choo kilikuwa na damu isiyoonekana kwa macho. Sukari ilikuwa sawa, malaria hakuna. VVU, homa ya ini B na C hana. Vipimo vya magonjwa ya kinga kushambulia mwili, ANA na ANCA, vilirudi baadaye vikiwa safi.

Kukata kinyama cha ngozi kwa ajili ya kukipima kuna masharti yake, na makosa ni mengi. Usikate lengelenge kuukuu wala kidonda, utapata nyama iliyooza isiyosema lolote. Tafuta kidoa kipya, kisichozidi saa 48, ikiwezekana sehemu ya juu ya mguu. Tulichora duara kwa kalamu kuzunguka vidoa vyote vya paja usiku ule, na asubuhi tukakata kilichozaliwa nje ya michoro. Vipande vilikuwa viwili vya milimita nne. Kimoja kiliwekwa kwenye formalini. Cha pili kiliwekwa kwenye maji ya chumvi, kwa sababu formalini inaua kipimo cha kuonyesha kingamwili, kikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam ili kifike kabla ya siku kuisha. Cha kwanza kilionyesha mishipa midogo imejaa chembe nyeupe zilizosagika viini. Cha pili kilikuwa na IgA ukutani.

Sikusubiri majibu hayo ili kuanza tiba. Kidoa kinachoshikika pamoja na maumivu ya viungo, tumbo na damu kwenye mkojo yanatosha kumtibu mgonjwa. Kinyama kilikuja kuthibitisha na kuwatuliza wenye mashaka.

Miguu

Jambo la kwanza lilikuwa kulala. Upande wa miguu wa kitanda uliinuliwa kwa tofali mbili kila mguu wa kitanda, na chini ya mashavu ya miguu likawekwa blanketi lililokunjwa ili visigino vining'inie na visigandamizwe. Aliruhusiwa kwenda chooni na kurudi. Diklofenaki ilisimamishwa kwa ajili ya figo na tumbo, seftriaksoni na amoksisilini zikasimamishwa pia. Kama aliyeanzisha ugonjwa ni koo au ni dawa, sidhani kuna atakayejua, kwa sababu vilifuatana kama kawaida vinavyofuatana. Tulimwandikia kwenye kadi kwamba amoksisilini na diklofenaki asizitumie tena bila kuuliza, bila kumwapia kwamba ndizo.

Malengelenge madogo tuliyaacha. Paa la lengelenge ni bandeji ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza, na likibaki mahali pake maumivu hupungua. Makubwa matatu yaliyokaza, yaliyokuwa yakipasuka kila akigeuka, yalitobolewa: ngozi ikasafishwa, sindano safi ikaingizwa ukingo wa chini kabisa ili maji yajitiririkie, yakasukumwa kwa gozi iliyoloa, paa likalazwa chini lilale juu ya jeraha lake. Yenye damu yaliachwa isipokuwa moja lililokuwa likielekea kupasuka. Pale ambapo paa lilishang'olewa zamani tulikata vipande vilivyokufa vinavyoning'inia tu. Hatukukwangua.

Kuosha kulikuwa kwa maji ya chumvi. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na jivii zilikaa kabatini. Jivii ina kasoro ya ziada hapa: inapaka rangi ya zambarau juu ya ugonjwa wa zambarau, na kesho hutajua kidoa kipi ni kipya.

Kitambaa kinachogusa jeraha kilikuwa gozi ya vaselini. Ile ya viwandani ilikuwa imeisha, kwa hiyo chumba cha upasuaji kilitengeneza: gozi ya tundu pana, vaselini nyeupe isiyo na manukato, vikafungwa kwenye chombo na kupitishwa kwenye mtambo wa kutakasa vifaa. Juu yake gozi nene ya kunyonya maji, kisha bendeji ikianzia mizizi ya vidole na kupanda hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukianzia kifundoni unaufanya unyayo uvimbe. Plasta haikugusa ngozi mahali popote. Bendeji ilifungwa kwa fundo.

Ilibadilishwa kila baada ya siku mbili, mapema zaidi ikiloa. Tramadoli miligramu 50 ilitolewa dakika 45 kabla, na hapo katikati alitumia parasetamoli. Siku ya kwanza alishika mkono wa muuguzi akingoja kubanduliwa kama alivyozoea. Gozi ilipoteleza ikatoka yenyewe alituuliza kama tumeshaanza.

Maji ya lengelenge yaliyopelekwa maabara hayakuotesha kitu. Hakupata antibiotiki nyingine. Watu wanaona tabu kuamini kwamba jeraha bichi lenye majimaji linaweza kuwa halina maambukizo, ndiyo maana tuliwaandikia wauguzi wa zamu ya usiku ni nini kingetufanya tubadili msimamo: usaha, harufu, wekundu au joto linalopanda nje ya mpaka wa vidonda, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Mgandamizo wa bendeji ulikuwa mwepesi wiki ya kwanza, ukaongezwa uvimbe ulipoanza kushuka. Mgandamizo husaidia kwa sababu ile ile kulala kunavyosaidia, lakini usimfunge kwa nguvu mtu ambaye hujayasikia mapigo ya unyayo wake, hasa mwenye kisukari au mvuta sigara.

Vidonge

Kama angekuwa na vidoa peke yake, pengine nisingempa steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni. Wagonjwa wengi wa ngozi pekee hupona ndani ya wiki chache kwa kupumzika. Na ushahidi hauko upande wa wanaoamini prednisoloni inazikinga figo: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013 kwa watoto haukuona faida hiyo. Kwa watu wazima walioguswa vibaya, Wafaransa walionyesha mwaka 2010 kwamba kuongeza siklofosfamidi, dawa nyingine kali ya kushusha kinga, juu ya steroidi hakukuleta nyongeza ya maana. Hoja yangu kwa mama huyu ilikuwa nyingine: ngozi ilikuwa inakufa, utumbo unavuja damu, na mkojo ulionyesha figo zimeshaguswa. Hayo matatu kwa pamoja yalinitosha.

Kabla ya kidonge cha kwanza alipigwa picha ya kifua kuangalia kifua kikuu, na akapewa ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, strongiloidi, anayeweza kukaa miaka mingi tumboni bila usumbufu, na steroidi zikishusha kinga anasambaa mwili mzima na kuua. Kwa mtu aliyekulia pwani akitembea peku huo si woga wa vitabuni.

Alianza prednisoloni miligramu 40 asubuhi kwa uzito wa kilo 68, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Baada ya wiki mbili ilianza kupunguzwa taratibu, ikaisha wiki ya saba. Enalaprili iliongezwa kwa dozi ndogo kwa ajili ya presha na protini, na kreatinini na potasiamu vikarudiwa baada ya wiki moja.

Dapsoni ilizungumzwa. Hapa Tanzania inafahamika kwa sababu ya ukoma, na kwenye vaskulitisi ya ngozi huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Lakini pwani, ambako malaria imeishi na watu karne nyingi, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida, na mwenye upungufu huo akipewa dapsoni damu yake inavunjika. Bila kipimo hicho mkononi sikuitoa.

Mwendo

Maumivu ya tumbo yaliisha siku ya pili ya steroidi. Lengelenge la mwisho jipya lilionekana siku ya tatu. Kufikia siku ya kumi paa nyingi zilikuwa zimekauka na ngozi mpya imeota chini yake. Aliruhusiwa na vidonda viwili vya kifundo, vile ambavyo paa lake lilikuwa limebanduliwa kabla ya kufika kwetu. Hivyo vilichukua wiki sita. Vyote vilivyobaki na paa lake vilifunga kabla ya wiki tatu. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, lakini miguu ilikuwa ya mtu huyo huyo, ugonjwa huo huo, dawa hiyo hiyo.

Bintiye alifundishwa kufunga bendeji wodini. Maji ya kuoshea nyumbani yalikuwa ya kuchemshwa na kupozwa, yenye chumvi kijiko cha chai kisichofurika kwa kila nusu lita. Wifi aliuliza kama wanaweza kuendelea na maji ya majani. Nikamjibu, "Wifi, kuoga aoge mnavyojua. Kwenye nyama iliyo wazi pasiguse kitu kingine." Alikubali, na sina sababu ya kudhani alinidanganya.

Kilichokuwa kigumu ni kazi. Kumwambia mpika chapati apumzike mwezi mzima ni kumwambia afunge jiko, na jiko hilo ndilo linalolipa ada ya mjukuu. Wiki ya tano alirudi jikoni, akasimama kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi kwa siku tatu mfululizo. Vidoa vikarudi juu ya vifundo, na malengelenge mawili madogo. Prednisoloni wakati huo ilikuwa imeshuka hadi miligramu 10. Ugonjwa huu hujirudia kwa karibu theluthi ya wagonjwa, kwa hiyo nisingeweka lawama yote kwenye kusimama, ila mahali vilipotokea panasema kitu.

Hatukupandisha steroidi, kwa kuwa mkojo ulikuwa haujabadilika. Tulimwongezea kolkisini, dawa inayotuliza chembe nyeupe, nusu miligramu mara mbili kwa siku, tukimwonya kwamba akiharisha apunguze na atupigie. Mpango wa jiko ukatengenezwa upya na bintiye: binti anakanda na kukaanga, mama anasukuma chapati akiwa ameketi kwenye stuli ndefu, mguu mmoja mmoja kwa zamu juu ya kreti ya soda. Saa sita mchana analala kwa muda wa saa moja, miguu juu ya mito. Soksi za kubana zilijaribiwa, akazivua kwa sababu ya joto la moto, na kwa kweli sikumlaumu. Bendeji ya kuvuta aliivumilia.

Vidoa vilikauka ndani ya siku kumi. Ngozi imebaki na madoa ya kahawia, chuma cha damu iliyovuja, na alihitaji kuelezwa mara kadhaa kwamba doa bapa lisiloshikika kwa kidole si ugonjwa mpya. Tayari alikuwa ameulizia krimu ya kung'arisha, ambayo tulimkataza.

Mkojo ulipimwa kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili, sasa kila mwezi. Protini imeshuka kutoka 0.9 hadi 0.4, na kipimo cha mwezi wa nne kilikuwa 0.2. Damu bado ipo alama moja. Kreatinini ni 84, presha 126 kwa 78. Kwa mtoto tungeweza kuacha baada ya miezi sita ikiwa safi. Kwa umri wake tutampima mwaka mzima, halafu mara moja kila mwaka. Kolkisini ataendelea nayo hadi mwezi wa sita, kisha iondolewe na mkojo urudi kupimwa kila wiki mbili kwa miezi miwili. Protini ikipanda kupita gramu 1 na kukaa hapo, au kreatinini ikianza kupanda, atakwenda Dar es Salaam kukatwa kinyama cha figo. Yeye na bintiye wanalijua hilo, pamoja na gharama yake, na wameanza kuweka akiba kwenye kikoba.